Chuma cha Pajani

Flavian alivunjika paja msimu wa kulima. Ng'ombe walikuwa wanavuta jembe karibu na barabara ya Matai, pikipiki ikapita na mlio mkali, nao wakatimka na jembe lao huku kamba ikiwa imemzonga mguuni. Walimburuta hadi kwenye mtaro. Mkewe, Luciana, ndiye aliyemfikia kwanza, akakuta mguu wa kushoto umepinda mahali ambapo hapana goti.

Mama yake, Fortunata, alikuwa upande wa pili wa shamba. Naye alikuja mbio, lakini aliwakamata ng'ombe kwanza.

Mjini Sumbawanga, daktari wa mifupa aliyeitwa Beda alilifungua lile paja, akaukutanisha mfupa, akaushikilia kwa bamba la chuma lenye urefu wa kiganja na vidole vyake, lililokazwa kwa skrubu. Siku ya kumruhusu aliwaita wote watatu akawaonyesha picha ya eksirei. Bamba lilionekana jeupe kabisa, limenyooka, na zile skrubu zimepanga foleni kama meno.

"Hiki ni chuma gani?" Fortunata aliuliza.

"Stenlesi, mama. Ile isiyoshika kutu."

"Kama ya sufuria?"

"Bora kuliko ya sufuria."

Fortunata aliinua kidevu, akaridhika. "Basi amepona."

"Hajapona, mama. Bamba linashikilia tu, mfupa usichezecheze mpaka ushikane. Mguu huu asiukanyage. Atembee na haya magongo mpaka arudi hapa nimpige picha nyingine. Nikiona mfupa umeunga, ndipo tutamwacha akanyage. Kwa sasa apumzike."

Daktari Beda hakujua ni neno gani alilolitamka mbele ya mwanamke yule. Mume wa Fortunata, marehemu Alfonsi, aliumia mgongo zamani akipakia mbao. Kwenye zahanati walimwambia apumzike. Akalala msimu ule, akalala na uliofuata, akaendelea kulala. Fortunata akalima peke yake, akapanda peke yake, akabeba mahindi kichwani kama punda, na kwenye vilabu vya pombe watu wakawa wanasema ameolewa na godoro. Alfonsi alifia kitandani wakati Flavian akiwa shule ya msingi. Fortunata hakulia. Alisimama mbele ya waombolezaji akasema kilichomuua mume wake ni neno moja, *pumzika*, na kwamba ndani ya nyumba ile hakuna mwanamume mwingine atakayelala mchana.

Kwa hiyo Flavian aliporudi na magongo yake, akawekewa kiti karibu na moto kwa sababu ya baridi, mama yake alimpita na jembe begani akamsalimu hivi:

"Umeamkaje, Alfonsi?"

Flavian alicheka kidogo, akidhani ni utani. Jioni mama aliporudi alimwita tena Alfonsi. Na kesho yake. Ikawa ndilo jina lake. Chakula kikiiva, Fortunata alimwambia Luciana, "Mpelekee Alfonsi." Majirani wakipita kumjulia hali, aliwaambia, "Ingieni, Alfonsi yupo, ataenda wapi?"

Tarehe ya kurudi hospitali ilipofika, Luciana alikuwa amekwisha kumfulia mumewe suruali. Fortunata akawaambia nauli ameshainunulia mbolea.

"Lakini mama, daktari alisema lazima apigwe picha," Luciana alisema.

"Mfupa hauungwi na picha."

"Anataka kuona kama umeunga."

"Mimi naweza kumwambia bila picha. Mtu anakula ugali akamaliza, mfupa wake umeunga." Akamgeukia mwanawe. "Au vipi, Alfonsi? Mguu unauma?"

Flavian alimtazama mkewe, akamtazama mama yake. "Hauumi sana," alisema. Alikuwa anasema kweli. Kwa kutoukanyaga, mguu ulikuwa umetulia.

Mvua zilipoanza kupungua ukafika wakati wa ntumba, yale matuta ya duara tunayoyatengeneza Ufipa kwa kufukia majani chini ya udongo ili yaoze na kuwa mbolea. Ni kazi ya mgongo na mikono, na mtu hawezi kuimaliza peke yake. Fortunata alipika kimpumu, akaalika watu waje kumlimia na baadaye wanywe. Walikuja wengi, maana pombe yake ilikuwa na sifa.

Asubuhi ile chungu kikubwa kilikuwa mafigani uani, kuni zilikuwa mbichi, moto ukawa unatoa moshi tu. Flavian alikuwa amekaa mlangoni akiwaangalia watu wakinoa majembe. Magongo alikuwa ameyaegemeza ukutani pembeni yake. Fortunata alikuja kama mtu anayefuata kitu cha kawaida, akayachukua yote mawili, akayavunja kwa goti, moja baada ya jingine, akayasukumia chini ya chungu. Yalikuwa mbao kavu iliyopakwa vanishi. Yaliwaka vizuri sana.

Watu waliacha kunoa. Halafu Mary, jirani yao, mwanamke mwenye kicheko cha karibu, akacheka, na wengine wakacheka kwa kuwa mmoja amecheka.

"Mama!" Luciana alipiga kelele kutoka jikoni.

"Nyamaza wewe." Fortunata alimwangalia mwanawe. "Una chuma cha serikali pajani. Chuma kisichoshika kutu. Baba yako hakuwa nacho. Simama."

"Mama, daktari..."

"Simama watu wakuone."

Flavian aliushika mwimo wa mlango, akasimama kwa mguu mzima. Kisha, polepole, akauteremsha ule mwingine mpaka chini. Akaukanyaga. Maumivu yalipanda hadi kiunoni yakaishia hapo. Bamba lilishika. Akapiga hatua. Akapiga nyingine, akichechemea, akaufikia moto. Watu wakapiga makofi, na wanawake wawili wakapiga vigelegele kama bwana harusi amefika.

"Huyu sasa ni Flavian," Fortunata alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Huyu ndiye mwanangu."

Lazima niseme ukweli juu ya siku ile: Flavian alifurahi. Hakuwahi kusikia maneno hayo tangu azaliwe, na aliyasikia mbele ya watu. Mama yake alimpa jembe, akalipokea. Aliingia mstarini na wenzake, akajaza udongo juu ya majani hadi jua lilipokuwa kichwani, na walipokunywa kimpumu alipewa mrija wa kwanza.

Baada ya hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Alilima ntumba hadi shamba likaisha. Alibeba maji. Mahindi yalipokauka alivuna, na ilipofika kupakia mkokoteni ni yeye aliyesimama chini akiinua magunia, kwa kuwa Fortunata alisema mwenye chuma ndiye anayepaswa kukaa chini ya mzigo. Akimtembeza mgeni shambani alimwita mwanawe aje, akampiga kibao cha paja kwa mzaha. "Gonga usikie," alikuwa akisema. "Chuma hicho."

Ndani ya paja kulikuwa na jambo jingine. Flavian alianza kuhisi joto mahali pamoja, upande wa nje, sawasawa na katikati ya kovu. Kila akikanyaga alihisi msuguano mdogo, kama mchanga kati ya meno. Baridi ya Juni ilipoingia, ile inayotufanya tuvae makoti ndani ya makoti, asubuhi hakuweza kuunyoosha mguu mpaka Luciana amkande kwa maji ya moto.

"Kuna kitu kinasagika humu," alimwambia mkewe. "Weka mkono."

Luciana aliweka mkono, Flavian akautikisa mguu. Luciana aliusikia mchanga ule kwenye vidole vyake.

"Twende mjini," Luciana alisema. "Leo. Tusimuage mtu, tusimuulize mtu."

"Tukimaliza kupura ulezi."

"Flavian, hiki ni nini lakini? Unamwogopa?"

"Simwogopi. Ananiita jina langu."

Luciana aliutoa mkono wake, akamwaga maji yale nje.

Siku bamba lilipokatika, Flavian hakuwa amebeba chochote. Ilikuwa Jumapili, wametoka misani, Fortunata amekaa uani akichambua maharage. Flavian alinawa uso kwenye beseni, akageuka kuchukua taulo kwenye kamba. Basi. Ulisikika mlio kama wa kijiti kikavu, naye akaanguka ubavu, taulo likiwa mkononi.

Fortunata alicheka kwanza. "Mtu anaanguka kwa kugeuka!" Kisha alipoona hainuki, kicheko kikakatika, na uso wake ukawa ule ambao Flavian aliukumbuka tangu utotoni, uso wa mtu anayemwangalia mumewe kitandani. "Umeshaanza," alisema. "Miezi yote hii ulikuwa mtu, sasa umeshaanza."

"Mama, limekatika," Flavian alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka katika baridi ile. "Nimelisikia."

"Chuma kimekatika kwa taulo?"

Luciana alitaka wamtafutie gari siku ileile. Fortunata akakataa. Alimkanda kwa maji ya chumvi, akamfunga kwa kitenge, akamlaza, akasema kesho atasimama. Kesho yake Flavian hakusimama. Paja lilikuwa limevimba na kung'aa, na akiguswa alitoa sauti ambayo Luciana hakuijua. Fortunata akaenda kumwita Zenon, mume wa Mary, mwanamume mwenye nguvu anayepasua mbao.

"Mshike kwapa hili, mimi nashika hili," alimwambia. "Akishasimama atatembea. Mwezi wa tatu ilikuwa hivihivi, mliona wenyewe."

"Mama Flavian, naona kama anaumwa kweli," Zenon alisema.

"Baba yake naye alionekana hivyo. Shika."

Luciana alijitupa katikati, Fortunata akamsukuma kando. Walimwinua. Flavian alisihi mpaka sauti ikaisha, na walipomshusha uzito wote ukaenda kwenye mguu wa kushoto. Mguu ulikunjika katikati ya paja. Ncha ya mfupa, na pamoja nayo ncha ya bamba, vikatokeza nje ya ngozi karibu na kovu. Zenon alimwachia akakimbilia nje kutapika. Fortunata alibaki ameshika kwapa moja, mwanawe akining'inia mkononi mwake, akisema, "Simama. Simama. Simama."

Luciana alitoka bila viatu hadi barabarani akasimama katikati. Gari la kwanza, pikapu ya maharage iliyokuwa inatoka Matai, lilimpigia honi kisha likasimama kwa kuwa hakuhama. Yeye na dereva na Zenon, ambaye hakuthubutu kumtazama mtu usoni, walimbeba Flavian juu ya mlango ulioondolewa bawabani, wakamweka juu ya magunia.

Fortunata alisimama kizingitini. "Ukimtoa humu," alimwambia mkamwana wake, "usimrudishe."

"Sitamrudisha," Luciana alisema.

Jeraha lilikuwa limeingia uchafu wa sakafu, na mfupa ulikuwa umekaa wazi njia nzima ya vumbi. Daktari Beda alifungua, akasafisha, akangoja, akafungua tena. Homa haikushuka. Mwishowe alimweleza Flavian kwa sauti ya chini kwamba sasa ni mguu au yeye. Flavian aliomba Luciana aamue, Luciana akasema mguu uende. Waliukata juu, karibu na nyonga.

Fortunata alikuja baadaye, majeraha yakiwa yameanza kufunga. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani. Hakwenda kitandani kwa mwanawe. Alisimama katikati ya wodi akauliza kwa sauti ni nani daktari, na Daktari Beda alipotokea akamwamkia, "Shikamoo mama," hakuitikia.

"Mlimwekea mwanangu stenlesi ya bandia," alisema. "Kimekatika akichukua taulo. Nina mashahidi. Mlisema hakishiki kutu, bora kuliko sufuria. Sufuria yangu nimeolewa nayo, na haijakatika."

Wagonjwa waliinuka vitandani kusikiliza. Daktari Beda alimwangalia, kisha akaenda ofisini mwake akarudi na bakuli la chuma. Ndani yake mlikuwa na bamba, vipande viwili. Alimsogezea kiti. Fortunata akabaki wima.

"Shika mwenyewe, mama. Limesafishwa. Unaona hapa katikati ya urefu wake, palivyong'aa?"

"Naona."

"Sasa tazama kwenye matundu ya skrubu. Unaona weusi huu, na hivi vishimo?"

"Si ndiyo kutu hiyo. Mlisema hakishiki."

"Nitakueleza. Chuma hiki hakishiki kutu kwa sababu kina utando juu yake. Mwembamba, huwezi kuuona. Utando ndio unaokizuia kisiliwe, bila huo ni chuma kama vyuma vingine. Na uzuri wake ni kwamba ukiukwaruza, unajifunga wenyewe palepale. Kama akitulia, unakaa miaka." Alikichukua kipande kimoja akakishika kwa vidole vya mikono miwili kana kwamba anakipinda. "Lakini mfupa ulikuwa haujaunga. Kila alipokanyaga, uzito wote ulipita hapa. Bamba lilipinda kidogo, kidogo tu, na skrubu zikasugua kwenye matundu. Utando ukachanika. Ukajifunga. Akakanyaga tena, ukachanika mahali palepale. Na maji ya mwilini yana chumvi, mama, ukilia unaionja. Chumvi ikikuta chuma kiko uchi inakila. Ikaanza na kishimo, kishimo kikawa ufa. Ufa ukishaingia, kila hatua inaufungua, na ndani ya ufa utando hauwahi tena kujifunga. Angalia mahali kilipokatika. Sehemu kubwa hii imelainika na kusuguliwa, ni ya zamani. Pembeni hapa tu ndipo papya. Siku ya taulo kilikuwa kimebaki uzi."

Fortunata alipitisha kidole gumba juu ya ule mkato. Alikipitisha mara nyingine.

"Angekuwa amelala?"

"Angekuwa hakuukanyaga, mfupa ungeunga, na sasa angekuwa anatembea. Bamba lilikuwa la kumsubirishia mfupa. Halikuwa mguu."

"Ungesema."

"Nilisema, mama. Nilisema apumzike."

"Ulisema apumzike. Hukusema chuma kina ngozi." Alivirudisha vipande ndani ya bakuli, kimoja kimoja, kwa uangalifu, na aliponyanyua macho sauti yake ilikuwa imepungua. "Na mgongo je? Mtu akiumia mgongo, akalala, akalala miaka, inaweza ikawa ni kweli?"

"Inaweza. Inategemea. Nani?"

"Baba yake huyu."

"Mimi sikumwona, mama. Siwezi kukuambia kitu."

"Mimi nilimwona," Flavian alisema kutoka kitandani.

Ilikuwa mara ya kwanza kusema kitu tangu mama yake aingie. Hakuinuka. Aliongea akiangalia dari.

"Ukienda shamba alikuwa ananiita nimgeuze. Alikuwa anauma blanketi ili majirani wasisikie. Siku moja nilimmwagia uji wa moto kwenye mguu. Ulitoka kwenye chungu saa ileile. Nikalia mimi, yeye hata hakujua, mpaka nilipomwonyesha. Ngozi ilitoka. Akaniambia nisikwambie, kwa sababu ungesema anaigiza."

"Uongo," Fortunata alisema.

"Nilimfunika kwa shuka. Ulikuja ukamwambia amka, Alfonsi, hata kuku wameamka."

Luciana alitaka kumshika mumewe mkono, lakini aliuona uso wake akaogopa, maana Flavian alikuwa anamtazama mama yake sasa, akingoja kuona maneno yake yanamwingia kiasi gani. Yalimwingia. Fortunata alitafuta mahali pa kushika, akapata chuma cha kitanda cha mgonjwa mwingine. Kwa kitambo alionekana bibi kabisa. Halafu akajinyoosha, akaifunga kanga yake upya, akaenda mlangoni.

"Sasa utalala vizuri," alimwambia mwanawe. "Umepata sababu." Akaondoka.

Luciana hakumrudisha Flavian kule, kama alivyosema. Alimpeleka kwao Laela. Kaka yake aliwapa chumba, na msimu wa kununua mahindi ulipofika akamtafutia Flavian kazi katika uwanja wa mnunuzi mmoja aitwaye Elia, pale barabara ya Tunduma yanaposimama mabasi. Kazi yenyewe ilikuwa kushona midomo ya magunia. Alikaa juu ya kigoda, gunia linasimamishwa mbele yake limeshapimwa, anapitisha sindano ndefu na kamba ya katani, anakaza, linaondolewa, linakuja jingine. Alijifunza haraka. Elia alikuwa akisema hajapata mshonaji kama yule, gunia lake likitupwa kutoka juu ya lori halifumuki.

Fortunata alitokea mchana mmoja, ameshuka kwenye basi la Sumbawanga, na kifurushi cha maharage kichwani. Alikuwa amekonda. Mahali pale jua halina huruma, uwanja wote ni vumbi na maganda. Alimwona mwanawe, akaenda akasimama mbele yake. Flavian alimtazama, akaivuta kamba, akaendelea kushona.

"Nimekuletea maharage," alisema.

Luciana, aliyekuwa anauza uji karibu na lango, aliona, akatoka na kigoda. Alikuwa akimchukia mwanamke yule kuliko kitu chochote duniani, lakini yule alikuwa mtu mzima amesimama juani.

"Rudisha hicho kigoda," Flavian alisema bila kuinua kichwa.

"Flavian," Luciana alisema.

"Rudisha, nimesema."

Luciana akakirudisha. Fortunata alisimama mpaka basi la kurudi lilipopiga honi, akaweka maharage chini, akapanda. Flavian alimwambia mpakiaji mmoja ayachukue yawe yake.

Alikuja tena. Na tena. Wapakiaji wakamzoea, wakawa wanampita wakisema "Shikamoo bibi" naye akiitikia "Marahaba" bila kumwondolea macho mwanawe. Hakuomba msamaha. Flavian naye hakumfukuza. Kisha siku moja basi lilipopiga honi hakwenda. Aliokota fagio lililokuwa ukutani akaanza kuzoa mahindi yaliyomwagika chini ya mizani, akayapepeta, akayatenga na mchanga, kwa mikono ile iliyolima miaka yote. Elia alitazama alivyofanya kazi. Akamuuliza kama anataka kubaki, apewe chumba cha walinzi na sehemu ya mahindi anayozoa. Fortunata akasema ndiyo. Shamba lake kule barabara ya Matai, alisema, limemshinda.

Hivyo ndivyo wanavyoishi sasa, mama na mwana katika uwanja mmoja. Hawasemeshani. Yeye anashona, mama anafagia kumzunguka.

Luciana ndiye aliyegundua. Alikuwa anangoja bakuli zake za uji zirudi, akawa anamwangalia mumewe akifanya kazi. Gunia lilikuja limejaa, mdomo wazi. Kabla ya kuchoma sindano, Flavian aliuinamisha mdomo wa gunia kwa kiwiko, kiasi tu, mahindi kama kiganja kimoja yakamwagika mbele yake. Fortunata alikuja, akapiga magoti taratibu, mkono mmoja kiunoni, akayazoa. Aliposimama, gunia jingine lilikuwa limefika. Kiwiko kikagusa. Yakamwagika. Mwanamke yule akashuka tena.

Mchana watu walipokwenda kula, Luciana alimwendea.

"Mshonaji mzuri kama wewe hamwagi."

"Simwagi."

"Unamwaga makusudi. Nimekaa hapo nimeona. Magoti yake yamevimba, Flavian."

"Nani alikwambia uhesabu magoti?" Alikuwa anatia kamba kwenye sindano, na mkono wake ulikuwa umetulia. "Anataka kufanya kazi. Nampa kazi."

Luciana alimtazama muda mrefu mtu aliyemtoa mikononi mwa mama yake kwa nguvu zake zote. Kisha akaenda kwenye ukuta, akamnyang'anya Fortunata fagio, akamketisha kivulini, na mchana kutwa akafagia yeye, akipiga magoti mbele ya mumewe kila gunia lilipokuja, akimwangalia usoni. Mchana ule haikumwagika hata punje moja.

Asubuhi iliyofuata alirudi kwenye uji wake, maana uji ndio unaowalisha. Fortunata alichukua fagio. Gunia la kwanza lilipimwa, likasimamishwa mbele ya Flavian, naye akanyoosha kiwiko.